Kila Kitu kwa Zamu Yake: Namna ya Kupika Chai ya Maziwa na Kuinywa kwa Utulivu

Chai ya maziwa hupikwa kila siku katika nyumba nyingi za Waswahili, na pengine mazoea hayo ndiyo yaliyotufanya wengi wetu tuache kuipika kwa makini. Mtu hubandika sufuria jikoni, akatia maji, maziwa, majani, sukari na tangawizi vyote kwa pamoja, kisha akaenda kushughulika na mambo mengine mpaka asikie harufu ya maziwa yaliyomwagikia jiko. Kinachopatikana ni kinywaji cha moto chenye sukari, lakini harufu ya iliki imekwisha kupotea, tangawizi inakereketa koo bila kupasha kifua, na majani yanaacha ukakasi ulimini.

Mwongozo huu unaeleza namna nyingine, ambayo niliipata Tanga jikoni kwa bibi yangu. Kanuni yake ni moja: kila kitu kiingie sufuriani kwa zamu yake, kwa kuwa kila kimoja kina moto wake na muda wake. Tangawizi inataka kuchemka sana, iliki haitaki. Majani yanataka maji yanayotokota, maziwa yanataka moto mdogo na mtu aliyesimama karibu. Kazi nzima, kuanzia kuponda viungo mpaka kumimina kikombe cha kwanza, huchukua kama dakika 25, nami huzihesabu dakika hizo kuwa ndiyo nusu ya kwanza ya kunywa chai.

Majani ya chai

Majani mengi yanayouzwa katika maduka yetu ni ya aina inayoitwa viwandani CTC. Majani mabichi hupitishwa kati ya roli zenye meno, yakapondwa, yakachanwa na kuviringika mpaka yakawa punje ndogo, kisha huachwa yapate hewa hadi rangi yake ya kijani igeuke kuwa kahawia, ndipo yanapokaushwa. Punje hizo hutoa rangi na nguvu kwa upesi sana, na ladha yake haimezwi na maziwa. Wapo wanaoamini kwamba chai ya kweli ni ile ya majani marefu yaliyosokotwa tu, na kwamba punje ni za watu wasiojua chai. Sikubaliani nao hata kidogo. Jani refu lina harufu laini inayopendeza ikinywewa peke yake, lakini ukilitia vikombe viwili vya maziwa na tangawizi juu yake hutalisikia tena. Kwa chai ya maziwa, punje ndizo zinazofaa.

Punje zenyewe hupangwa kwa ukubwa. Katika biashara ya chai ya Afrika Mashariki, BP1 ni zile kubwa, PF1 hufuata kwa udogo, na chini yake kuna madaraja ya vumbi. Kwa kuwa pakiti nyingi za dukani hazielezi daraja lililomo, mimina majani kidogo kiganjani uyaangalie. Punje njema hukaribiana kwa ukubwa, huwa nyeusi yenye wekundu wa mbali, na huteleza mkononi bila kuacha unga mwingi. Ukiona nyuzi nyingi za rangi ya majani makavu, hivyo ni vikonyo, navyo hujaza pakiti bila kujaza kikombe. Kisha sogeza kiganja puani. Majani yaliyokaa vibaya hunuka boksi, na hakuna kiungo kitakachoiondoa harufu hiyo.

Bibi yangu alitumia chai ya Usambara, kwa sababu ilikuwa chai ya nyumbani. Mtoto wa Tanga hukua akiiona milima hiyo upande wa bara siku isiyo na mawingu, na ni huko Amani, mwaka 1902, ambako Wajerumani waliianza kuijaribu michai katika ardhi ambayo sasa ni Tanzania, kabla ya kuipanda Rungwe upande wa kusini. Kenya nayo ilipandiwa michai ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Zao hili liliipenda milima, kwa sababu baridi na ukungu hulifanya chipukizi likue polepole na kukusanya ladha, na ndiyo maana hadi leo majina ya chai nzuri ni majina ya mahali penye baridi: Mufindi, Rungwe, Kericho, Nandi. Mchumaji huchuma chipukizi moja na majani mawili yaliyo chini yake, basi, kwa kuwa majani yanayofuata huwa yamekwisha kukomaa na kuwa magumu.

Ukifika nyumbani, hamishia majani katika kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, uliweke mbali na jiko. Majani ya chai hunyonya harufu ya jirani yake. Yakikaa kabati moja na vitunguu, sabuni ya kufulia au kibuyu cha mafuta ya taa, utayanywa hayo yote pamoja na chai yako.

Maji

Watu wa Pwani tunajua vizuri tofauti ya maji. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chokaa nyingi na pengine chumvi, na chai iliyopikwa kwa maji hayo huwa na rangi isiyong'aa, na juu yake huelea utando mwembamba unaopasuka vipande vipande kikombe kikitikiswa. Utando huo hutokana na chokaa ya maji ikikutana na vitu vya asili vilivyomo katika majani. Chai ya rangi huuonyesha wazi zaidi, lakini hata chai ya maziwa hupoteza uchangamfu wake. Ikiwa maji ya bomba lako ni ya namna hiyo, tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au maji ya chupa, angalau kwa chai ya asubuhi. Bibi alikuwa na mtungi wa maji ya mvua uliofunikwa kwa kitambaa cheupe, nao haukuguswa kwa kazi nyingine isipokuwa chai na dawa.

Jambo jingine ni mahali unapoishi. Tanga, Mombasa au Unguja, ambako ni usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za selsiasi. Nairobi, iliyo juu kwa takriban mita 1,800, huchemka kwa karibu nyuzi 94, na katika milima ya chai iliyo juu zaidi ya hapo huchemka kwa chini ya nyuzi hizo. Maji yanaweza kutokota kwa fujo na bado yasiwe na moto wa kutosha kuitoa nguvu ya tangawizi kwa muda ule ule. Aliye bara kwenye miinuko aongeze dakika 2 au 3 katika kila hatua ninayoitaja hapa chini inayohusu maji na viungo.

Viungo, na zamu ya kila kimoja

Kwa vikombe 4 vya chai, utahitaji tangawizi mbichi yenye urefu wa kidole gumba, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole cha shahada, karafuu 2, punje 4 za pilipili manga, na iliki 6. Viungo hivi ni vingi kiasi cha kusikika, lakini majani bado yatabaki kuwa ndiyo mwenyeji. Karafuu hasa isizidishwe. Nimewahi kunywa chai iliyotiwa karafuu 8, nayo ilikuwa na ladha ya dawa ya meno tangu funda la kwanza hadi la mwisho. Pilipili manga ni ya hiari, na mimi huitia zaidi wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapovuma na asubuhi zikawa na ubaridi.

Duka litakuuzia unga uliokwisha kuchanganywa unaoitwa chai masala, na hilo ni deni letu kwa majirani zetu wenye asili ya India, ambao jikoni mwao tumejifunza mengi. Unga huo una manufaa yake siku ya haraka. Hata hivyo, kiungo kikishasagwa huanza kupoteza harufu siku hiyo hiyo, na mchanganyiko wa dukani hukulazimisha kutia vyote kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwongozo huu wote unalipinga.

Ponda kwa kinu kidogo. Tangawizi kwanza: ioshe, ipare maganda kwa ukingo wa kijiko, kisha uiponde mpaka nyuzi zake ziachane na maji yake yatoke. Usiisage ikawa uji, kwa kuwa itaifanya chai kuwa na chenga zinazopenya chujio. Toa tangawizi, ufute kinu, ndipo uweke iliki.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu iliki ndiyo ninayoiona ikiharibiwa zaidi. Shika iliki moja yenye ganda la kijani, uibonyeze kwa ukucha. Ganda likipasuka, ndani utakuta vyumba vitatu vyenye mbegu ndogo zilizoshikana, nyeusi, zenye unyevunyevu kidogo. Zikiwa kavu na za rangi ya kijivu, iliki hiyo imechakaa. Ziweke kinuni pamoja na maganda yake, uzipige kwa mchi mara tatu au nne tu, kwa mapigo mafupi. Pigo la kwanza hupasua ganda, la pili hutawanya mbegu, na katika la tatu harufu hupanda ghafla mpaka mtu aliye chumba cha pili akaisikia. Hapo hapo acha, na ufunike kinu kwa kisahani.

Nikiwa mdogo niliwahi kumwuliza bibi kwa nini iliki inakaa ikifunikwa wakati tangawizi imekwisha kutangulia motoni.

“Mjukuu wangu,” alinijibu, “iliki ina roho nyepesi. Ukiichemsha sana, huondoka.”

“Na tangawizi je, bibi?”

“Hiyo ni kaidi. Iache ichemke.”

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba harufu ya iliki imo katika mafuta yanayoruka upesi pamoja na mvuke, na nikakumbuka kuwa nilikwisha kuambiwa hivyo kwa maneno machache zaidi.

Kupika

Pima maji vikombe 2 na nusu na maziwa vikombe 2. Kile nusu kikombe cha ziada ndicho kitakachopotea kwa mvuke na kwa majani yatakayobaki na unyevu kwenye chujio. Baadhi ya watu hupika kwa maziwa matupu, na wengine hutia maji mengi na maziwa ya kubadilisha rangi tu. Kipimo nilichotaja kinakaribia nusu kwa nusu, nacho ndicho ninachokiamini, kwa kuwa maziwa yakizidi hufunika viungo, na yakipungua mno hushindwa kuutuliza ukakasi wa majani. Utulivu huo una sababu yake: protini ya maziwa hushikamana na vile vitu vinavyokaza ulimi, ndiyo maana chai ya maziwa inaweza kupikwa ikawa nzito bila kukabana.

Bandika sufuria yenye maji baridi, utie tangawizi, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Funika. Maji yakianza kutokota, punguza moto hadi wa wastani na uache kwa dakika 8. Ukifunua, maji yatakuwa na rangi ya manjano hafifu na mvuke wake utakuchoma pua kidogo. Ikiwa hauchomi, ongeza dakika 2.

Hatua hii ya tangawizi kuchemka peke yake katika maji haina budi kutangulia maziwa, nami niliijua sababu yake kwa kuonja matokeo. Nilipohamia Dar es Salaam na kuanza kujipikia, mjomba wangu alinijia asubuhi moja bila taarifa. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikakimbilia jikoni, na kwa haraka yangu nikamimina maziwa baridi sufuriani, nikakwangulia tangawizi mbichi ndani yake, nikawasha moto. Maziwa yalipopata joto, kabla hayajachemka, yalikatika. Yalijitenga vipande vyeupe juu ya maji ya kijani, na hayakuwa maziwa mabaya, maana nilikuwa nimeyanunua asubuhi ile ile. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoivunja protini ya maziwa, na hufanya kazi kwa nguvu zaidi maziwa yakiwa ya moto bila kuchemka. Wachina wa Guangdong huutumia ujuzi huo kwa makusudi, wakagandisha maziwa kwa maji ya tangawizi na kuyala kwa kijiko. Kwa mpika chai ni hasara. Tangawizi ikichemshwa kwanza katika maji, kimeng'enya hicho hufa, na maziwa yanaweza kuifuata kwa usalama.

Baada ya zile dakika 8, tia majani vijiko vidogo 3 vilivyojaa bila kufurika. Maji yawe yanatokota wakati unayatia. Koroga mara moja, uache kwa dakika 2. Utaona rangi ikitoka kwenye punje kama moshi mwekundu na kuenea, kisha sufuria nzima ikageuka kuwa ya rangi ya udongo wa kichuguu. Usizidishe muda huo, kwa maana majani bado yataendelea kutoa nguvu yakiwa ndani ya maziwa.

Sasa tia maziwa, yakiwa yamekwisha kuchemshwa pembeni au angalau yamepashwa moto. Maziwa mabichi ya kuletewa na muuza maziwa lazima yachemshwe kwanza kwa ajili ya afya, kwa hiyo fanya kazi hiyo wakati tangawizi inachemka. Maziwa baridi kutoka kwenye jokofu huishusha chai joto kwa ghafla, na utalazimika kuyachemsha majani kwa muda mrefu zaidi mpaka sufuria ipate moto tena. Hapo ndipo ukali usiotakiwa unapoingia.

Baada ya maziwa kuingia, usiondoke jikoni. Weka moto mdogo na uchote chai kwa upawa, uinue kiasi cha shubiri mbili juu ya sufuria, uirudishe taratibu. Fanya hivyo mara kumi au kumi na tano. Kuchota na kumimina huku huipa chai povu laini, na huuzuia ule utando unaojitanda juu ya maziwa. Utando huo ndio unaofungia mvuke chini yake mpaka maziwa yakafura na kumwagika. Maziwa yakianza kupanda ukingoni, inua sufuria, uyaache yashuke, uirudishe motoni. Yakipanda mara ya pili, inua tena. Kabla ya kupanda kwa tatu, funua kinu, utie iliki yote, uache chai ipande mara moja tu ya mwisho, kisha ipua.

Funika sufuria na uiache ikae kwa dakika 3 nje ya moto. Wengi huruka hatua hii kwa sababu chai inaonekana imekwisha kuiva, ilhali hizi ndizo dakika ambazo iliki inatoa harufu yake ikiwa imefungiwa ndani. Mimi hutumia muda huo kupanga vikombe na kusuuza chupa ya chai kwa maji ya moto, kwani chupa baridi huipokonya chai joto lake mara inapoingia. Kisha chuja. Usiyakamue majani kwa kijiko juu ya chujio, maana kinachotoka kwa kukamuliwa ni ukakasi tu.

Kuhusu sukari, nyumba nyingi za kwetu huitia sufuriani, na chai hiyo ina utamu uliosambaa ambao sukari ya kikombeni haiufikii. Ikiwa walaji wote wanajulikana na wanapenda kiasi kimoja, tia vijiko vidogo 5 au 6 kwa vikombe 4 mara baada ya kuipua. Lakini leo ni nadra kukaa watu wanne bila mmoja wao kuwa na kisukari au kukatazwa na daktari, na mgeni hapaswi kulazimika kuitangaza hali yake ili apate chai. Kwa hiyo nimezoea kuweka sukari kwenye kibakuli mezani. Kila mtu atajitilia, na asiyetia hataulizwa.

Chai ikichujwa, inaweza kukaa kwenye chupa kwa saa 2 au 3 bila kubadilika sana. Usiiweke na majani wala viungo vyake ndani. Baada ya muda huo maziwa huanza kupata ladha ya kupikika kupita kiasi, na chupa ikipoteza joto, si salama tena kuyaweka humo. Ni bora kupika kidogo mara mbili kuliko kupika mengi mara moja.

Chai ya rangi

Siku ambayo hakuna maziwa, au jua limekuwa kali, kuna chai ya rangi, ambayo Kenya huitwa strungi na ambayo Pwani ina jina la kale la mkandaa, sawa na jina la mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Hii haitaki kupikwa. Chemsha maji na majani matatu ya mchaichai yaliyofungwa fundo kwa dakika 5, mimina kwenye buli lenye kijiko kidogo 1 cha majani kwa kila vikombe viwili, funika kwa dakika 4, uchuje. Ukipenda ndimu, kamulia kikombeni matone machache, na utaona rangi ikifunguka papo hapo kutoka nyekundu nzito hadi ya dhahabu. Ndimu isikaribie kamwe kikombe chenye maziwa.

Kunywa

Bibi alikunywa chai yake saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kusali na kabla ya mtu yeyote kumletea shida ya siku hiyo. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi kilichokwisha kutolewa meno yake, mgongo ukutani, kikombe cha bati mkononi. Sisi wajukuu tuliruhusiwa kukaa naye kwa sharti la kunyamaza mpaka kikombe kifike nusu. Nilidhani ni ukali wa wazee. Sasa ninapoishi katika nyumba ambayo simu huanza kulia kabla sijavaa viatu, nimeirudisha sharti hiyo kwa hiari yangu, na simu hubaki chumbani.

Mtoto akitaka chai, bibi aliipoza kwa vikombe viwili. Alishika kimoja juu na kimoja chini, akamimina taratibu huku mikono ikiachana, na chai ikashuka kama uzi wa kahawia unaong'aa, bila tone kuanguka pembeni. Alirudia mara tano, sita, saba. Kila mara povu liliongezeka na mvuke ukapungua, na mwisho alikiweka kikombe kwenye shavu lake ili kupima joto kabla ya kukutolea. Wengine walimimina kwenye kisahani na kunywea humo, jambo ambalo wazee wengi bado hulifanya na ambalo halina aibu yoyote. Njia zote mbili zina busara ya afya pia, kwa sababu mwaka 2016 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani ilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vyenye zaidi ya nyuzi 65, pengine husababisha saratani ya umio. Chai iliyotoka chupani inaweza kuzidi hapo. Iache dakika chache, au ipoze kwa vikombe viwili. Ulimi usioungua ndio unaoisikia iliki.

Pamoja na chai hii, kitafunio kisishindane nayo. Mahamri tayari yana iliki na sukari, kwa hiyo chai ya kunywea mahamri na mbaazi za nazi ipunguzwe sukari. Mkate wa ajemi, viazi vitamu vya kuchemsha au muhogo huenda vizuri na chai yenye sukari yake kamili. Ikiwa nyumbani kuna mama mjamzito au mtu aliyepungukiwa damu, chai yake isogezwe mbali na mlo kwa muda wa saa 1 hivi, kwa kuwa chai inayonywewa pamoja na maharage au mboga za majani huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Na aliye mwepesi wa kukosa usingizi aifanye ile ya saa kumi alasiri kuwa ya mwisho.

Namna ninavyoipenda zaidi mimi ni hii: kikombe kinene cha udongo kinachotunza joto, kisichojaa mpaka ukingoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na pembeni chupa yenye kikombe cha pili ili nisilazimike kuinuka. Funda la kwanza hulishika mdomoni kidogo kabla ya kulimeza. Majani ndiyo yanayotangulia, mdalasini unafuata ukiwa na utamu wake wa mbao, na tangawizi hungoja mpaka umekwisha kumeza ndipo ipande kutoka kifuani. Iliki hubaki puani hata baada ya kikombe kuwekwa chini. Chai iliyopikwa kwa fujo haina mpangilio huo, maana vyote hufika pamoja na kuondoka pamoja.

Ukimaliza, loweka sufuria mara moja, kwa kuwa maziwa yaliyokauka ukingoni hung'ang'ania na kuipa chai ya kesho harufu ya kuungua. Majani na viungo vilivyobaki kwenye chujio usivitupe. Ikiwa hukutia sukari sufuriani, vimwage shinani mwa mchaichai ulio karibu na mlango wa jikoni. Kwa bibi palikuwa na shina moja kubwa lililolishwa hivyo kila asubuhi kwa miaka yote niliyoishi naye, na jioni ndilo tulilotumwa kulikatia majani matatu.